Jigi Zilizochorwa Jumapili

Karakana ya Ndunge Kitheka iko Kitengela, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na wanaokuja pale kununua kitanda ni wachache kuliko wanaokuja kukaa. Zipporah anayeuza chai na mandazi ameweka jiko lake mlangoni kabisa, kwa kuwa hapo ndipo watu walipo. Hiram wa bodaboda hungojea wateja hapo, na mara nyingine wateja humngojea yeye amalize hadithi. Mzee wa Kimaasai aliyetoka sokoni kuuza mbuzi atapita aseme "sopa," Ndunge ataitikia "ipa" bila kuinua kichwa, na ukigeuka utamkuta mzee amekalia kiti ambacho hakijapakwa hata vanishi.

Ndunge alipenda hivyo. Shida ilikuwa moja tu, kwamba umbea na vipimo havikukaa vizuri kichwani mwake kwa wakati mmoja. Mwaka wa kwanza alikata kitanda cha futi nne kikatoka futi tatu na nusu, kwa sababu Zipporah, katika hadithi yake, alikuwa amefika pale bibi harusi anapokataa pete mbele ya pasta. Mwenye kitanda alikuwa mtu mnene. Ndunge akaona mambo mawili: hawezi kufukuza watu, na hawezi kuendelea hivyo. Ndipo akaanza kutengeneza jigi.

Jigi ni kifaa ambacho fundi hujiundia mwenyewe kutoka kwa mabaki ya mbao. Kuna ubao wa chini, kuna vizuizi viwili vitatu vilivyofungwa kwa skrubu mahali pake, na mbao unayotaka kukata unailaza katikati yake kama mtoto mgongoni. Ukishailaza, kazi ya tepu na penseli imekwisha. Unasukuma, msumeno unakata, na kipande cha mia kinatoka sawasawa na kile cha kwanza. Mikono inafanya kazi na mdomo uko huru.

Baada ya miaka kadhaa alikuwa na jigi kumi na moja zimetundikwa ukutani, na kila moja aliipa jina la mtu aliyekuwa wa kwanza kutengenezewa kitu kwayo. Ile ya miguu ya nyuma ya viti iliitwa Virginia, kwa ajili ya mwalimu mmoja aliyetaka viti sita vya mezani. Ya milango ya kabati iliitwa Celine. Ndunge angesema, "Hebu nishushie Virginia," na mgeni asiyejua angegeuka kutafuta mwanamke.

Aliyekuwa akimshushia ni Gakuru. Gakuru alifanya kazi pale miaka sita, mtu wa Murang'a, mpole, asiyesema neno moja mahali ambapo kutikisa kichwa kungetosha. Msumeno ulikuwa wa Ndunge, na hakuna mwingine aliyeugusa. Gundi, msasa na vanishi vilikuwa vya Gakuru, na kwa hayo hakuwa na mwenzake Kitengela nzima. Mamake Ndunge alipougua kule Machakos, Gakuru aliiendesha karakana mwezi mzima peke yake kwa vipande vilivyokwisha kukatwa, na Ndunge aliporudi alikuta hata vumbi la mbao limefagiliwa na kutiwa guniani.

Sasa, kuna jambo kuhusu ule msumeno. Miaka miwili iliyopita kenta, lori dogo la kuleta mbao, ilirudi nyuma ovyo ikaigonga meza ya msumeno, na reli inayoongoza mbao ikapinda. Fundi wa kuchomelea alikuja akaipiga nyundo, ikarudi karibu ilipokuwa, lakini karibu tu. Ilibaki imekengeuka kwa upana wa punje mbili za mchele. Mwingine angenunua meza mpya. Ndunge alizishusha jigi zote kumi na moja, akazifungua vizuizi, akavifunga tena vikiwa vimepinda upande wa pili, kiasi kilekile. Mashine imepinda kushoto, jigi imepinda kulia, na mbao inatoka imenyooka. Alijisifia sana kwa hilo. Alimsimulia Zipporah, Hiram, wazee wa mbuzi na hata askari wa kaunti aliyekuja kuuliza leseni.

Mtu pekee ambaye hakusikia ni Gakuru. Wiki hiyo alikuwa Murang'a kumzika shangazi yake, na aliporudi habari ilikuwa imeshapoa, watu wako kwenye nyingine.

Januari hii Gakuru alisema anaondoka. Alisema amepata kibanda Kware, kule Ongata Rongai, karibu na kina mke wake, Kui, na anataka kujaribu kujitegemea. Ndunge alimpa randa yake ya pili iwe zawadi, Zipporah akaomba dua ndefu kuliko ilivyohitajika, na wakaachana vizuri.

Wiki mbili baadaye Ndunge alikuwa akipangusa jigi zake. Pembeni mwa Virginia aliona mstari mwembamba wa penseli. Pembeni mwa Celine, mwingine. Zote kumi na moja zilikuwa nayo, ile mistari inayobaki mtu akilaza kitu juu ya katoni na kukizungushia penseli ili akichore umbo lake. Ndipo akakumbuka kwamba mwezi wa Desemba Gakuru aliomba ufunguo Jumapili tatu, ati kumalizia vanishi, wakati yeye Ndunge yuko kanisani.

Kilichomuuma si jigi. Angeomba tu angepewa, na chai juu yake. Kilichomuuma ni kuchorewa vitu kisirisiri na mtu aliyekula naye miaka sita. Na kwa kuwa alikuwa Ndunge, kila mtu pale mlangoni aliijua habari hiyo kabla ya saa sita.

Basi Jumatano moja Zipporah alikuwa akiperuzi simu yake huku mandazi yakiungua, akaona picha ambayo Kui ameweka kwenye status ya WhatsApp. Gakuru amesimama kando ya mashine mpya ya msumeno, meza yake inang'aa kama sufuria ya harusi. Nyuma yake kuna mbao zimepangwa hadi dirishani. Chini Kui ameandika kwamba ni viti themanini vya ukumbi wa kanisa Kiserian, mbao ni za miti ya mukima iliyotolewa na Mzee Mureithi kutoka shamba lake mwenyewe, Mungu ni mwema, kesho kukata kunaanza.

Zipporah aliikuza picha kwa vidole viwili. Ukutani, nyuma ya kichwa cha Gakuru, palikuwa na jigi kumi na moja zimetundikwa.

"Mama Mbuvi, njoo uone watoto wako," akamwita Ndunge.

Ndunge aliangalia. Aliangalia jigi, kisha akaiangalia ile meza mpya, iliyonyooka, ambayo haijawahi kugongwa na kenta yoyote. Aliyesema ni Hiram, ambaye hakusoma sana lakini kichwa chake ni chepesi.

"Si wewe ulituambia hizo zako zimepinda?"

Karakana nzima ikacheka. Walielewa wote kwa pamoja. Gakuru alikuwa mtu wa kunakili kitu kama kilivyo, hata kovu lake. Alikuwa amenakili mpindo wote, akaupeleka kwenye mashine isiyo na mpindo. Mguu mmoja ukiutazama hutaona kasoro, na hata miguu mia ukiilinganisha itafanana, kwa sababu yote imekosewa kiasi kilekile. Utajua siku ya kuunganisha kiti, kikiegemea nyuma kama mtu aliyekula pilau ya watu watatu. Na Gakuru hataunganisha chochote mpaka amalize kukata vyote, maana ndivyo Ndunge alivyomfunza: kata zote kwanza, jigi isipumzike.

Zipporah alishapanga safari ya Kiserian siku ya kufungua ukumbi. Alitaka akae nyuma, aone wazee wa kanisa wakianguka mmoja mmoja wakati wa wimbo wa pili. Hiram akasema atambeba bure. Ndunge alicheka pamoja nao, na kicheko kilikuwa kitamu, hakuna haja ya kukataa. Wakasema wote kwamba asipige simu. Alichora mwenyewe, ajisomee mwenyewe.

Alicheka mpaka akarudi kwenye msumeno wake. Alilaza mguu wa kiti kwenye Virginia akausukuma, na ulipotoka akaugeuza mkononi. Ulikuwa umenyooka. Alifikiria miguu ya nyuma mia na sitini, ya mukima ya Mzee Mureithi, miti ambayo mtu alipanda, akaingoja, akaikata kwa ajili ya kanisa, ambayo ikiharibika hakuna duka la kuuza mingine kama hiyo. Alifikiria pia kwamba ule mpindo ni wake yeye. Ni yeye aliyeupima na kuufunga kwa skrubu. Gakuru angekaa mbele ya wazee na viti themanini vinavyolala chali, kazi yake ya kwanza, na kule Rongai hadi Kiserian hakuna mtu ambaye angempa tena hata stuli atengeneze.

Saa tisa alimpigia simu. Ililia ikakatika yenyewe. Akapiga tena, ikalia, ikakatika. Alijua kwamba Gakuru ameliona jina lake na anaiangalia simu. Angeweza kuandika ujumbe, lakini Kui husoma simu ya mumewe kama gazeti, na kulieleza jambo hili ni lazima uanze na katoni na penseli. Angeweza kumpigia Kui mwenyewe. Hilo aliliacha mara tu lilipomjia.

Kesho yake asubuhi alimwambia Hiram awashe pikipiki. Walipitia Isinya, wakashika ile barabara ndefu ya kwenda Kiserian, upepo unawapiga ubavuni na ng'ombe wanavuka wanapotaka. Hiram aliuliza mara tatu kama anaenda kumwambia au kumwona akiharibu. Ndunge alisema anaenda kumsalimia. Walipofika Kware alimwacha kwenye hoteli ya chapati, akamwambia akimfuata hata hatua moja atarudi Kitengela kwa miguu, na pikipiki Ndunge ataiendesha mwenyewe.

Sauti ya msumeno ilimfikisha kibandani. Gakuru alikuwa peke yake. Alipomwona aliuzima msumeno, na uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa na chifu.

"Karibu, Mama Mbuvi."

"Asante, Baba Whitney. Uko na mahali pazuri."

Palikuwa pazuri kweli. Jigi zilikuwa ukutani, zimepigwa msasa, zimepakwa vanishi, bora kuliko za kwake. Hazikuwa na majina. Gakuru alikuwa amezipa nambari, moja mpaka kumi na moja, kwa rangi nyeupe. Nambari nne, ambayo Kitengela ingeitwa Virginia, ilikuwa juu ya meza ya msumeno, na chini palikuwa na miguu kumi na minne iliyokwisha kukatwa.

Ndunge alijaribu kuzunguka. Alisema mukima ni nzuri. Alisema mashine ni nzuri. Alisema kwamba yeye angekuwa hapa, siku ya kwanza na mashine mpya, angekata vipande vya kiti kimoja tu, akiunganishe bila gundi, aone.

Gakuru alisema, "Wewe ndiye ulinifunza kukata zote kwanza."

"Nilikufunza nikiwa kwa mashine ninayoijua."

"Naijua hii."

"Sawa."

Gakuru alifuta mikono kwenye suruali, mmoja kisha mwingine. "Mama Mbuvi, kama umekuja kunisimamisha kazi, sema tu. Mbao za watu ziko hapa. Nimeahidi."

Basi Ndunge akaacha kuzunguka. Alimwambia kuhusu kenta, na reli, na punje mbili za mchele. Alimwambia kwamba wiki ile yeye Gakuru alikuwa kwa mazishi. Alisema, polepole, kama anayesoma orodha, kwamba jigi zake zote kumi na moja pale Kitengela zimepinda, alizipinda kwa mkono wake, kwa sababu ya mashine yake, na kwa mashine nyingine yoyote zitaharibu kila zinachogusa.

Gakuru aliitazama nambari nne.

"Hizi ni zangu," akasema. "Nilizitengeneza."

"Basi ziko sawa," Ndunge akasema. "Zangu ndizo zimepinda. Kama hizi ni zako, endelea na kazi."

Hakusema kwa ukali. Alisema na kuvuta kreti akaketi, kwa sababu Kui alikuwa ametokea na birika, amefurahi, anauliza habari za Kitengela, na yule msichana wa saluni aliolewa kweli ama ilikuwa ni maneno. Ndunge alimpa habari za saluni zote, na za jirani wa saluni pia. Walikunywa chai. Gakuru hakunywa. Walimsikia akiwasha msumeno, akiuzima, akiwasha. Kui alidhani anaendelea na miguu. Ndunge alisikia kwamba mlio ni mfupi, si wa miguu mia na sitini. Ni mlio wa mtu anayekata vipande vya kiti kimoja.

Kui alipoenda kuangalia maharagwe yake, Ndunge alirudi ndani. Kiti kilikuwa kimesimama katikati ya kibanda, kimeunganishwa bila gundi na kubanwa kwa kamba. Gakuru alikiweka kikombe chake cha chai juu ya kikalio. Kikombe kiliteleza polepole kuelekea nyuma, akakidaka. Halafu akaketi mwenyewe, na miguu yake ikainuka kutoka sakafuni. Alikaa hivyo muda, mtu mzima, miguu inaning'inia, anaangalia dari ya mabati.

"Nilizichora Jumapili," akasema kutoka pale juu. "Ukiwa kanisani."

"Najua. Hukufuta penseli."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Januari."

"Na wengine?"

"Gakuru, unanijua mimi."

Aliitikia kwa kichwa. Alimjua. Alishuka kitini, akakifungua kamba, akavipanga vipande kando kwa utaratibu wake uleule wa zamani. Halafu akauliza swali ambalo Ndunge alikuwa amelingoja tangu siku ile alipoona penseli.

"Ningekuomba ungenipa?"

"Ningekupa. Na ningekuambia zimepinda, kwa sababu ningekuambia kila kitu."

Walianza kazi. Ndunge hakugusa msumeno, maana haukuwa wake. Alisimama kando na kumweleza jinsi jigi inavyoanzia kwa mashine, si kwa katoni: unafunga ubao wa chini, unausukuma upite kwenye msumeno mara moja ili msumeno wenyewe uonyeshe mahali unapopita, kisha kutoka mstari huo ndipo unapima kila kizuizi. Unakata kipande cha taka, unakipima, unalegeza skrubu, unagonga kizuizi kidogo kwa nyundo, unakata tena. Gakuru alikata vipande vya taka tisa. Cha kumi alikiweka kwenye skwea ya kupimia pembe, akakigeuza, akakiweka tena, akampa Ndunge. Ndunge alikiangalia, akamrudishia bila neno, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa.

Miguu kumi na minne ya mwanzo ilikuwa imeachwa mirefu kidogo, kwa bahati. Kumi na mmoja iliokoka kwa kukatwa upya. Mitatu haikuokoka. Walikata miguu mingine, wakaunganisha kiti cha pili, na saa nane Gakuru akakikalia. Nyayo zake zilikaa sakafuni, mgongo wake ukakaa mahali pake. Alimwambia Ndunge akikalie yeye. Ndunge ana uzito. Kiti hakikusogea.

Hapo ndipo Kui alipoingia na sahani za maharagwe na chapati, akaikuta nambari nne ya asubuhi imelala chini bila vizuizi, na nyingine mpya mezani. Akauliza kumetokea nini, mbona kazi ya asubuhi inafanywa tena.

Ndunge alikuwa tayari na uongo wake, mzuri, ameuandaa tangu asubuhi juu ya pikipiki: mashine mpya huwa inataka kuzoewa. Alifungua mdomo. Gakuru, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumtangulia mtu kuongea, alimtangulia.

"Nilinakili jigi za Mama Mbuvi bila kumwambia. Nilizinakili vibaya. Amekuja kunionyesha."

Kui alisimama na sahani. Aliziangalia zile nambari nyeupe ukutani, moja moja.

"Ndizo zile Jumapili ulikuwa unaniambia uko kazini?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazini kwa nani?"

Kui alimpa Ndunge sahani ya kwanza, iliyokuwa na chapati tatu, akamwambia, "Kula, Mama Mbuvi, umetoka mbali." Mumewe akapewa yenye moja. Kisha akaketi kwenye kiti kile kipya, akala akiwa amewageuzia ubavu wote wawili.

Gakuru aliimaliza chapati yake haraka, maana haikuwa na kazi kubwa. Alinawa mikono. Alikwenda ukutani akasimama mbele ya nambari tano, ile ya milango ya kabati.

"Hii nayo imepinda upande gani?"

Ndunge alikuwa na mdomo umejaa. Alionyesha kwa kidole: kulia. Gakuru aliishusha, akailaza mezani, akaanza kulegeza skrubu ya kwanza.